Fisi walipita chini ya lupango yetu

Ile asubuhi simu ililia saa kumi na moja na nusu, hata mwanga ulikuwa bado kutoka. Alikuwa prezida wa koperative, mama ambaye hasemi neno lolote mbele ya kusalimia na kuuliza habari za watoto. Siku ile hakusalimia. Alisema tu: «Mukuje. Mbuzi wamekwisha.»

Tulifika na pikipiki kisha masaa mawili, juu barabara ilikuwa matope matupu. Tulikuwa wawili, agronomi na veterineri wa mradi. Ndani ya zizi tulikuta mbuzi 7 wamekufa, 2 wanapumua bado lakini matumbo yako inje, na wengine walikuwa wamekimbilia kwenye migomba ya majirani. Zizi lile lilikuwa na mbuzi 19. Hazikuwa mali ya mutu mumoja. Zilikuwa mbuzi za muzunguko: kila mama anachunga mbuzi jike, akizaa anapeleka mutoto wa kwanza kwa mama anayefuata kwenye liste. Wamama 4 waliokuwa wanangojea zamu yao walisimama pale, mikono kichwani, hawalii, wanaangalia tu.

Na tuseme kweli tangu mwanzo: zile mbuzi zililala pamoja juu sisi ndio tuliwaambia wamama vile. Tulisema zizi moja kubwa ni rahisi kulinda kuliko vibanda 19. Ile lupango pia, sisi ndio tuliichora.

Hatutaji kijiji, juu komite iliomba vile. Kiko mu teritware ya Rutshuru, upande wa mashariki, pahali mashamba yanagusa parke ya Virunga na muto Ishasha hauko mbali. Musomaji wa Nyamilima atajitambua bila kuitwa jina.

Simba, chui, ao nani?

Tulipofika watu walikuwa wamekwisha kukata neno: ni simba. Mzee mumoja alisema hapana, ni chui, alisikia kikohozi chake usiku. Kila mutu alikuwa na munyama wake. Veterineri aliomba watu wasikanyage tena ndani, akaanza kuangalia chini.

Hii kazi ya kusoma alama, kila koperative ingepaswa kuwa na watu wawili ao watatu wanaoijua, juu lupango inayozuia chui si ile inayozuia fisi. Kwenye matope mazuri alama ya chui ni ya mviringo na haionyeshi makucha, juu chui anayaficha wakati anatembea. Alama ya fisi inaonyesha makucha, na ya mbele ni kubwa kuliko ya nyuma. Chui anashika mbuzi kwa shingo ao koo, na mara mingi anamubeba, hata kumupandisha juu ya muti. Fisi anararua tumbo na mapaja akiwa anakula papo hapo, na mifupa anaivunja. Kanu na nguchiro wanaua kuku, hawawezi mbuzi mukubwa.

Pale kulikuwa na makucha, kulikuwa na matumbo yaliyoraruliwa, na chini ya lupango kulikuwa na shimo lililochimbwa kutoka inje. Fisi. Pengine wawili, pengine watatu.

Wakati tulisema hilo jina, watu walikasirika zaidi. Simba mutu anaweza kumuheshimu hata kama amemuharibia. Fisi nani anamuheshimu?

Sashe nyeusi

Kijana mumoja, mutoto wa mama aliyepoteza mbuzi 3, alitoa mufukoni sashe nyeusi iliyofungwa fundo. Ndani mulikuwa chembechembe ndogo za dawa. Aliinunua sokoni kama dawa ya wadudu, bila karatasi, bila jina. Veterineri aliiangalia bila kugusa akasema inafanana na kabofurani, moja ya zile dawa ambazo kijiko kidogo kinaua ngombe. Kijana alisema: «Tutapakaa hii kwenye mizoga. Usiku watarudi kula. Kesho mambo imekwisha.»

Na hakukuwa mujinga. Fisi wanarudi kweli kwenye muzoga. Ile mipango yake ingefanya kazi, na ndiyo sababu hatukuweza kumujibu kwa neno moja.

Tulikaa chini ya parachichi na komite. Mutu wa kwanza aliuliza swali ambalo tunasikia kila pahali: «Munyama wa parke akikula mbuzi yangu, nani ananilipa?» Tulijibu vile tunajua: hatujaona hata mara moja mutu wa koperative zetu aliyelipwa mbuzi yake. Hatukutaka kuwadanganya. Akaendelea: «Basi, mimi nikimuua, munakuja na sheria. Yeye akiniua mbuzi, sheria iko wapi?» Hatukuwa na jibu la hilo, na hata leo hatuna.

Lakini juu ya sumu tulikuwa na la kusema. Sumu haichagui. Ukiiweka kwenye muzoga juu ya fisi, anayefika wa kwanza pengine ni mbwa wa jirani. Anayefika asubuhi ni tai, tena kumi ao makumi mawili, juu tai mumoja akishuka wote wanaona. Veterineri aliwaelezea mambo aliyoona mwenyewe mu koperative ingine: mutu alipakaa dawa kwenye nyama ya kondoo, na asubuhi kulikuwa mbwa 6 za kijiji, nguruwe mumoja wa mwalimu, na mbweha mumoja tu. Mwenye nguruwe na mwenye sumu mpaka leo hawasalimiane. Kisha mvua ilinyesha, na ule muzoga ulikuwa juu ya kisima.

Tuliwakumbusha pia mambo ya ngambo ya mupaka, juu wengine wako na ndugu kule. Mu mwezi wa 4 wa 2018, mu parke Queen Elizabeth ya Uganda, simba 11 walikutwa wamekufa karibu na kijiji cha wavuvi cha Hamukungu, na 8 kati yao walikuwa watoto. Watu walisema ni kisasi juu ya ngombe. Mu mwezi wa 3 wa 2021, mu sehemu ya Ishasha ya parke ileile, simba 6 walikutwa wamekufa, wamekatwa vichwa na miguu, na tai 8 wamelala kando yao. Ishasha ni muto ambao mutu anaupita na miguu wakati wa jua, na simba hana paspoti. Simba akikufa upande ule, ni simba wetu pia aliyekufa. Tai wenyewe wako mu hatari kubwa: tangu 2015 aina kadhaa za tai wa Afrika ziliwekwa kwenye kundi la mwisho la wanyama walio karibu kuisha. Na tai ndio wanatuondolea mizoga ya kimeta mbele ya ngombe kuigusa.

Mzee aliyesema ni chui alicheka kidogo. «Kwa hiyo tuache fisi akule, juu ya tai?» Prezida akasema: «Hapana Baba. Tuwape siku 14. Wao ndio walituchorea lupango, wao warudi waijenge vizuri. Siku 14 zikipita, kila mutu atafanya vile anajua.»

Ndiyo ilikuwa mapatano. Kijana alibaki na sashe yake. Mizoga yote ilizikwa siku ile, shimo refu kupita kiuno cha mutu mukubwa, majivu juu, mawe juu ya majivu. Watu walitaka kula nyama ya wale 2 waliojeruhiwa na veterineri akakataa, juu mudomo wa fisi unaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Tulipigiwa kelele sana juu ya ile nyama, kuliko hata juu ya lupango.

Kosa lilikuwa wapi

Tulizunguka lupango yetu polepole, kama vile daktari anazunguka kitanda. Tuliijenga mwaka mumoja mbele. Miti ilikuwa ya eukaliptusi, mikavu, na hatukuichoma moto chini mbele ya kuizika. Muchwa ulikuwa umekwisha kula 5 kati yao, ukisukuma na mukono unainama. Grilaje ilikuwa ile nyembamba ya kuku, yenye matundu ya pembe sita. Tuliichagua juu bei ilikuwa chini na bajeti ilikuwa ndogo. Ile inazuia kifaranga, lakini fisi anaiuma kama kamba ya ndizi. Chini iligusa udongo tu, hatukuikunja wala kuizika. Mulango ulikuwa mbao za sanduku na kamba ya mupira.

Kumbe tulijenga lupango ya kuzuia mbuzi wasitoke. Hatukujenga lupango ya kuzuia fisi wasiingie. Kwenye institi tulisoma mengi juu ya malisho na magonjwa, lakini juu ya munyama anayekuja usiku hatukumbuki hata somo moja.

Tukaanza kuuliza kwa wenzetu walio na simba kila siku. Mu Tanzania ya kaskazini, kwenye nyanda za Wamasai karibu na parke ya Tarangire, shirika la African People & Wildlife linafanya kazi na wafugaji juu ya kitu wanachoita ukuta hai. Zamani familia ilizungusha boma na matawi ya miiba. Kila mwaka yanaoza, kila mwaka wanakata mingine, na pori linapungua. Tena miiba haizuii woga. Simba mara mingi haruki ndani. Anazunguka, ngombe wanasikia harufu yake, wanaogopa, wanavunja boma wenyewe na kutoka inje mu giza, na pale ndipo anawashika. Kwa hiyo wanapanda vipande vya miti ya Commiphora, ambayo inaota mizizi ukichomeka tawi mu udongo, na kwenye ile miti wanafunga grilaje nzito. Muti unakuwa nguzo isiyooza. Majani yanafunga macho, simba haoni ngombe na ngombe haoni simba. Familia inatoa miti, kazi, na sehemu ya bei ya grilaje. Hesabu zao zinaonyesha kwamba mashambulizi ya usiku kwenye maboma ya namna hiyo yamekwisha karibu kabisa, na simba hawauawi tena kwa kisasi kama mbele.

Kenya pia wako na namna zao. Kuko kijana mumoja wa Kitengela, Richard Turere, ambaye akiwa na miaka 11 alifunga balbu kuzunguka zizi la baba yake, zinawaka na kuzima kwa zamu kwa nguvu ya betri na jua, ili simba wa parke ya Nairobi wafikiri mutu anatembea na tochi. Wamama wetu waliipenda sana hii habari juu haiombi grilaje. Sisi tunaona inafaa kama musaada tu. Fisi si mwoga kama simba wa taa, akizoea anakuja.

Watu walituuliza pia: parke si imejenga lupango ya umeme kwenye sehemu za mupaka wake? Kwa nini fisi anapita? Ile ilijengwa kwanza juu ya tembo na nyati wasikanyage mashamba. Fisi anajikunja anapita chini ya waya. Kujenga lupango ambayo hata panya hapiti, kuko nchi zinafanya. Mu Nyuzilandi walizungusha mulima wa Maungatautari na lupango ya kilometa 47 ili panya na wanyama wengine wa kuletwa wasikule ndege wao. Lakini wale wako na pesa, na wanyama wabaya wao walitoka inje ya nchi. Wetu walizaliwa hapa mbele yetu. Hatutafunga pori. Tunafunga mbuzi, saa 12 za usiku tu.

Siku 14

Grilaje nzito, ile ya waya ya kufumwa yenye matundu ya sentimita 5, hatukuipata kwenye soko la karibu. Ilipaswa kutoka muji mukubwa, na wiki ile njia ilifungwa siku 3 juu ya usalama. Bei ya rulo moja ya metre 25 ilikuwa kama bei ya mbuzi wawili wakubwa, na transporti juu yake. Mradi ulikubali kulipa rulo. Koperative iliuza mbuzi dume mumoja kwa ajili ya transporti, senyenge na misumari.

Usiku wababa na vijana walilala inje kwa zamu, moto na bidoni tupu za kupiga. Usiku wa 6 fisi walirudi, walisikika wakicheka upande wa bonde. Yule kijana alikuwa kwenye zamu. Alituambia kisha kwamba alishika sashe mufukoni usiku muzima.

Palikuwa na fitina nyingine, na tunaiandika juu inatokea pahali pengi. Mumoja wa komite alisema rulo iende kwanza kwenye kraali ya mufugaji fulani mwenye ngombe nyingi, juu yeye ndiye anatoa kotizasio kubwa. Wamama walikataa. Prezida alifungua daftari, akasoma liste ya muzunguko kwa sauti, jina kwa jina, na wale waliopoteza mbuzi. Alipomaliza hakuna mutu aliyeongea tena juu ya kraali. Mufugaji mwenyewe, kumbe, hakuwa ameomba kitu. Alikuja siku iliyofuata na vijana wake 3 kubeba mawe.

Hesabu yetu ilikuwa hii. Zizi la metre 6 kwa 6 lina metre 24 za kuzunguka, rulo ya metre 25 inatosha na inabakisha kidogo cha kupandanisha kwenye kona. Nguzo moja kila metre moja, ni nguzo 24. Hatukurudia eukaliptusi mikavu. Tulitumia umuvumu, juu unaota vizuri ukikata tawi nene kama mukono wa mutu na kulipanda mbichi, na kwenye kona tukaweka umuko. Wazee wa pale wanajua hii miti kuliko sisi, walitucheka wakati tulianza kuwaelezea. Urefu ni metre 2 na nusu, nusu metre inaingia chini. Kuko walioleta umuyenzi. Unaota haraka kweli, lakini maziwa yake yakiingia mu jicho la mutoto ni hatari, kwa hiyo tuliupanda inje tu, mbali na mulango.

Grilaje ya metre 2 hatukuisimamisha yote. Sentimita 40 za chini tulizikunja kuelekea inje, zikalala juu ya udongo kama mukeka, tukapanga mawe juu yake na kufunika. Fisi anachimba pale mudomo wake unagusa lupango. Akichimba pale anakutana na waya, na hana akili ya kurudi nyuma nusu metre na kuanza mbali. Juu tuliongeza nyuzi 2 za senyenge mpaka metre 2. Ukifunga waya kwenye muti unaoishi usiukaze sana wala kupigilia musumari mpaka mwisho: muti unanenepa, na waya iliyokazwa inakata ngozi yake. Muti ukikufa, umerudi kwenye kosa letu la kwanza.

Mulango ulichukua siku nzima peke yake. Ni bati la pipa lililopigwa bapa juu ya mbao nzito, na chini yake tuliweka jiwe refu lililozikwa, ili pasibaki nafasi ya kuchimba. Unafungwa na mnyororo. Kama pesa zinaisha, punguza pahali pengine, usipunguze kwenye mulango.

Na juu ya chui? Lupango ya metre 2 kwa chui ni ngazi tu. Kwa hiyo ndani ya zizi tulijenga nyumba ya mbuzi iliyoinuliwa, sakafu ya mbao iko metre moja kutoka chini, paa ya mabati, na kuta za mbao zilizokaribiana ili mukono wa chui usipite kati yake. Hapo mbuzi wanalala. Nafasi kati ya mbao za sakafu ni sentimita moja na nusu: mavi inaanguka, mguu wa mbuzi haukwami.

Tulimaliza siku ya 13, jua likizama. Mbuzi waliobaki walikuwa 10. Waliogopa kupanda ngazi, mama mumoja akapanda mbele na majani ya patate mukononi, wakamufuata.

Kisha miezi

Usiku ule na nyusiku zilizofuata fisi walikuja, tuliona alama. Walichimba pahali 2, wakakuta waya, wakaacha. Tangu pale mpaka tunaandika haya, hakuna mbuzi hata mumoja aliyechukuliwa usiku kwenye zizi lile. Hatusemi haitatokea. Nguzo 3 za umuvumu hazikuota na zilibadilishwa mwanzo wa mvua ya mwezi wa 9. Tulizipanda wakati wa jua, na huo haukuwa wakati wake, lakini hatukuwa na namna ya kungoja mvua.

Mambo ambayo hatukufikiria yalitoka chini ya sakafu. Mbele mavi ya mbuzi ilipotea njiani na kwenye vibanda. Sasa inaanguka pahali pamoja, kavu, haijanyeshewa. Wamama wanaigawanya kwa mifuko kufuatana na liste ileile ya muzunguko, na wale ambao hawajapata mbuzi ndio wanapata mufuko wa kwanza. Hilo walilikata wao wenyewe, sisi hatukuwepo. Mama mumoja wa wale 4 wa mikono kichwani aliiweka kwenye maharagwe yake. Alitupeleka kuona, akasimama upande ulio na mavi, akatuambia tusimame upande usio nayo, tuangalie wenyewe.

Ila lupango haichungi mbuzi mchana. Mwezi wa pili kisha kujenga, fisi alichukua mbuzi mumoja saa kumi jioni, pembeni ya bonde, mbele ya mutoto wa miaka 9 aliyekuwa anachunga peke yake. Mutoto hakuguswa. Komite ikakataza watoto kuchunga upande ule, na wamama wanapeana zamu wawili wawili, na mbuzi wanarudi mbele ya saa kumi. Inaumiza kazi ya shamba, wanalalamika, na wako na haki. Mbwa mwenye chanjo angesaidia, lakini chanjo ya kichaa haijafika mu kijiji tangu tunakijua.

Juu ya chui, yule mzee alikuwa na haki nusu. Mwezi uliopita mvua ilinyesha jioni, na asubuhi prezida alituita tena kwa simu, safari hii alisalimia kwanza, akauliza na habari za watoto. Kulikuwa na alama za mviringo, bila makucha, zimezunguka lupango mara moja na nusu, zimesimama mbele ya mulango, kisha zimeenda upande wa parke. Wamama walikuwa wamezifunika na vikapu ili tufike tuzione. Mzee alikuwepo, ameketi juu ya jiwe, anangojea tuseme ni munyama gani. Tulisema ni chui. Akasema: «Niliwaambia tangu siku ya kwanza.»

Kijana alituletea ile sashe mwenyewe, bila kuombwa, siku tuliyoweka mulango. Haiwezi kuzikwa, haiwezi kuchomwa, haiwezi kutupwa mu choo. Iko ndani ya chupa iliyofungwa, ndani ya sanduku la chuma, kwenye depo yetu, pamoja na nyingine 4 zilizotoka mu koperative zingine. Tumeuliza pa kuzipeleka na bado tunangojea jibu. Mwenye sashe ya namna hiyo nyumbani asiifungue: aifunge mu kitu kigumu, aiweke mbali na watoto na chakula, atuite tuichukue. Hatutauliza aliinunulia nini.

Koperative 3 za jirani zimeomba rulo. Mradi uko na pesa ya 2. Komite zote zitakutana siku ya soko la mwisho wa mwezi, na daftari zao, na liste itasomwa kwa sauti. Wale wanaotaka kuanza mbele ya kupata grilaje, wapande umuvumu sasa mvua ikiwa bado iko, metre moja kati ya muti na muti, na waache nafasi ya mulango upande unaoangalia nyumba.